Nafikiria kumwambia mavyaa watoto wana tetekuwanga ili tusiende Idd

Salaam aleikum Somo,

Naomba usinitaje jina, niite Mama Wawili wa Bombolulu. Nakuandikia saa saba usiku, keki iko kwenye oveni na mdogo amelala mgongoni, nikimtua tu anaamka, kwa hivyo maneno yakipinda utanisamehe.

Nina miaka 29, nimeolewa mwaka wa tano huu. Binti yangu ana miaka minne, mvulana ana miezi 14 na bado ananyonya. Mume wangu ni mtu mzuri wallahi, anafanya kazi za kliaringi bandarini, shifti zake hazieleweki lakini akiwa nyumbani anaogesha watoto, daipa anabadilisha, sio wale wa kukaa kwenye kochi na rimoti. Tabu yetu ni moja tu na huja mara mbili kwa mwaka. Idd.

Kwao ni Kibokoni, nyumba ya zamani ya ghorofa. Desturi yao mwezi ukiandama tu wote wanahamia kwa mama, watoto, wake, waume, wajukuu, na hakuna kutoka mpaka Idd pili jioni, wengine mpaka Idd tatu. Mara ya mwisho nilihesabu watu 31 na vyumba ni vinne. Wanawake na watoto tunalala chini kwenye magodoro, feni moja linalolia kriii kriii usiku kucha, na joto la Mji wa Kale walijua, dirisha linaangalia ukuta wa jirani. Alfajiri tuko jikoni, mahamri, mbaazi, viazi vya karai, tambi za sukari, wanaume wakirudi kuswali wakute sinia zishapangwa. Hujakaa, biriani. Hujakaa, wageni.

Watoto wangu nimewazoesha. Mdogo analala saa sita mchana na usiku saa moja na nusu wote wako kitandani. Kule hakuna cha kulala, akisinzia tu anachukuliwa "hebu lete nimuone", anapita mkono kwa mkono mpaka analia kwa kuchoka halafu wanasema huyu mtoto mkorofi. Mkubwa saa nne usiku yuko barazani na soda ya tatu. Na niseme ukweli, yeye anapapenda kuliko pahali popote duniani, anapakwa hina, anakimbizana na binamu zake, anakusanya mkono wa Idd kwenye kikoba chake, tukiondoka analia mpaka Nyali.

Sasa Idd ya mfungo tatu iliyopita, ile ya kuchinja, mdogo alikuwa hajatimiza miezi mitano. Nilikuwa jikoni, niliporudi nikakuta bibi mmoja wa ukoo anamlambisha asali kwa kidole, na mwingine ameshampa juisi kidogo "asafishe koo". Usiku akaanza kuharisha, siku ya pili tukalazwa naye siku mbili. Mavyaa nilipomwambia kuhusu asali akasema "sisi tumelea wanane kwa asali na hakuna aliyekufa." Nikanyamaza. Kesho yake alikuja hospitali na chupa ya uji wangu, akakaa kwenye benchi karibu saa nzima hakusema kitu, akaenda zake. Mpaka leo hakuna aliyeniambia pole kwa jambo lile.

Halafu kuna mamangu. Yuko Likoni, babangu alifariki, anaishi na ndugu yangu mdogo. Tangu niolewe sijakula naye Idd mosi hata moja. Mwaka mmoja Idd zikapishana, wakwe zangu wanafuata mwezi wa Saudia na kwetu Likoni wanangoja uonekane hapa, nikasema alhamdulillah, mwaka huu nitakula kote kuwili. Wifi yangu mkubwa akasema Idd pili hatutoki, wageni ndio wanakuja. Mamangu nikimpigia husema "nenda mwanangu, mimi hapa nipo." Hiyo "nipo" yake inanikata.

Mimi napika keki na biskuti kwa oda. Kumi la mwisho la Ramadhani ndio msimu wangu, nalala saa tatu au nne kwa siku, hela ya kodi ya miezi miwili hutoka hapo. Wiki iliyopita wifi akaweka kwenye grupu la familia orodha ya kazi za Idd, jina langu limeandikwa vileja kilo tano, tosti, na keki kubwa ya wageni, "kwa sababu yeye ndio fundi". Hakuniuliza. Na kitambaa cha nguo za watoto wa kike kishanunuliwa, wote sare.

Nililipuka. Nikamwambia mume wangu mwaka huu siendi, nenda na wanao. Akasema, "ukifanya hivyo utamuua mama." Siku ya sita leo tunaongea mambo ya chumvi na token za stima tu. Nimefikia kupanga niseme watoto wamepata tetekuwanga, maana hiyo hakuna atakayetutaka karibu, nibaki nyumbani nilale, Idd pili nivuke kwa mamangu. Najua ni uongo na kwenye mwezi mtukufu. Lakini nikisema ukweli hatakubali mavyaa, na wifi zangu watasema ninaringa kwa sababu ya hela za keki.

Somo, nifanyeje? Ni dhambi kumtaka mtoto alale?

Mama Wawili, Bombolulu

SOMO AJIBU

Aleikum salaam mwanangu.

Nilianza kuisoma barua yako nikichambua mchele, nikauacha mchele. Kwanza pole, na nakupa mimi hiyo pole ya ile Idd ya hospitali kwa sababu nimeona bado unaidai. Mtu akilala na mtoto wodini siku mbili, dripu mkononi, halafu anarudi kwa watu na kila mtu anaongea habari ya nyama ilivyokuwa laini, kitu kinabaki hapa kifuani. Hakitoki chenyewe.

Nikikuelewa, hukatai Idd wala hukatai wakwe. Unakataa siku tatu ambazo mwili wako ushachoka kabla hazijaanza, watoto wanapoteza mpangilio ulioujenga kwa jasho, kazi yako inachukuliwa kama ya ukoo bila kuulizwa, na mamako mwenyewe anakula Idd mosi na kijana mmoja. Juu ya hayo kuna hofu: kwamba mwanao atapewa kitu tena na hutakuwepo. Haya ni mambo matano na yote umeyafunga kwenye furushi moja umeliita "kwenda Kibokoni". Ndio maana limekuwa zito hivi.

Sasa nikuulize kitu, na usinikasirikie. Nimeirudia barua yako nikitafuta sauti ya mavyaa. Wifi anasema sana. Grupu linasema. Mumeo anasema utamuua mama. Mavyaa mwenyewe amesema sentensi moja tu, ile ya kulea wanane, halafu akaja hospitali na chupa ya uji akakaa saa nzima kimya. Unaandika "nikisema ukweli hatakubali", lakini sijaona pahali ulipomuuliza. Sijaona pahali yeyote alipomuuliza. Mumeo kamuuliza? Au naye anabeba ujumbe ambao hajapewa?

Na ile saa ya kwenye benchi mimi imenisumbua. Sijui alikuwa anafikiri nini, wewe unamjua. Inawezekana alikuja kwa sababu watu wangesema. Lakini wamama wa umri wake wengi, mwanangu, neno "nisamehe" kwa mke wa mwana hawakufundishwa, walifundishwa kupika uji na kuupeleka. Na ile "tumelea wanane" inaweza kuwa kiburi, na inaweza kuwa mtu aliyeshtuka kusikia kitu alichowapa wanawe wote kwa mapenzi kinaitwa sumu. Sikwambii ni ipi. Nakwambia hujui bado, na mimi sijui.

Kuhusu asali yenyewe hapo sitazunguka, wewe uko sawa. Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata tone la kidole, kwa sababu asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambazo tumbo la mtu mzima linazimaliza lakini la mchanga haliwezi, zinaamka humo ndani zikatoa sumu inayolegeza misuli, na hutokea mara chache lakini ikitokea ni hatari ya kufa. Na mpaka miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hilo lipo hata kwenye kitabu chako cha kliniki. Ila kuharisha kwa usiku ule sidhani unaweza kusema kwa hakika ni asali, inaweza kuwa ile juisi, au maji yaliyochanganyia juisi, au mikono 31. Nayasema haya si kumtetea yule bibi. Nayasema kwa sababu ukienda kuongea na ukaanza na "asali yenu ilimlaza mwanangu" mtabishana asali mpaka magharibi na ulichokwenda kusema hutakisema.

Tena mdogo ana miezi 14 sasa, mlango wa asali umepita. Cha kuangalia safari hii ni kingine: karanga, korosho, zabibu nzima, pipi za mviringo, vitu vya kupalia ambavyo Idd viko kwenye kila kibakuli kila meza. Na zile ngazi za nyumba zetu za Mji wa Kale ambazo ziko wima kama za kupandia mnazi, na mtoto wa umri huo ndio kwanza anajua kupanda na hajui kushuka. Na majiko ya makaa chini uani. Ukitaka kuwa na hofu, hofu yako ipeleke huko.

Usingizi pia hujakosea, sio uzungu kama utakavyoambiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku ukijumlisha na ule wa mchana, na wa miaka mitatu minne saa 10 hadi 13. Na vinywaji vya sukari chini ya miaka miwili havitakiwi kabisa, wa miaka minne hana haja ya soda tatu saa nne ya usiku, hilo hata bila daktari bibi yeyote anajua, ni vile siku hiyo kila mtu anadhani ni mwingine ndio anayeangalia.

Lakini hebu tuseme kweli. Siku mbili za kulala ovyo watoto wanazisamehe. Anayelipa ni wewe, wiki nzima baada ya hapo. Na barua hii umeiandika saa saba usiku na mtoto mgongoni na keki motoni, na Idd haijafika. Kwa hivyo naomba ufikirie, uchovu huu ni wa Kibokoni wote? Au Kibokoni ni pale tu unapojaa ukamwagika? Nauliza kwa sababu ukibaki nyumbani Idd hii ukalala, nitafurahi, lakini wiki ya pili utaamka hapo hapo ulipo sasa. Mumeo anayeogesha watoto, anajua kwamba kumi la mwisho unalala saa tatu tu kwa siku? Anajua kwa macho au ushamwambia kwa mdomo? Wanaume wazuri nao wana upofu wao, huona mke anafanya kitu wakadhani anakiweza.

Haya, tetekuwanga.

Nilicheka, usinionee vibaya. Uongo umeuchagua vizuri kweli. Shida yake ni binti yako. Mtoto wa miaka minne ana siri ya dakika tano, atakwenda kwa nyanya yake baada ya wiki mbili aseme "mama alisema tuseme tuna vipele lakini hatuna", mbele ya wifi, mbele ya kila mtu. Na tetekuwanga inaacha madoa, watu watatafuta madoa. Halafu mumeo itabidi aushike huo uongo mbele ya mamake Idd nzima, na wewe unajua ataushika vipi. Mambo ya dhambi waulize masheikh, mimi naangalia tu bei yake. Kwa kukwepa Idd moja utakuwa umempa wifi hadithi ya miaka kumi.

Kubaki wewe, yeye aende na watoto? Inawezekana, wengine wamefanya na dunia haikuanguka. Ila mdogo bado ananyonya, atalia kwako usiku na atarudishwa kwako na boda saa sita, au atapewa chochote kile cha kumnyamazisha, na hapo ndipo hofu yako yote ilipo. Na mtu akikosekana kwenye sinia, nafasi yake hukaliwa na maneno.

Kwenda lakini kwa kipimo, hilo umelifikiria? Yaani mfike asubuhi ya Idd watoto wakiwa wamelala vizuri kwao, mkae, mle biriani, binti apakwe hina akimbie apate mkono wa Idd, magharibi mrudi Bombolulu, si mbali hivyo. Au mlale usiku mmoja badala ya mitatu. Au mlale yote lakini saa sita mchana mdogo anapandishwa juu chumbani kwa mavyaa mwenyewe, mlango unafungwa, na anayeufunga ni mavyaa. Hili la mwisho nalipenda kidogo, kwa sababu likisimamiwa na yeye hakuna wa kusema unaringa, anayelinda usingizi wa mjukuu ni bibi. Ila nalo lina mwiba wake. Wifi zako wanaoamka alfajiri kukanda mahamri wakikuona unafika saa tatu umepiga wanja wana haki yao ya kununa, na wao wana watoto pia. Hebu waangalie vizuri siku hiyo. Sidhani wewe ndio mke pekee ndani ya nyumba ile anayelisikia lile feni likilia.

Orodha ya kazi ni jambo la peke yake na mimi ningelitoa ndani ya furushi leo leo. Kilo tano za vileja na tosti na keki katikati ya oda za kodi, huo ni mzigo. Inawezekana wifi aliandika "fundi" kwa kukusifu, inawezekana alikuwa anakuchoma, kwenye maandishi sauti haisikiki. Lakini usimjibu ndani ya grupu, kule watu 20 wanasoma na hakuna anayeweza kurudi nyuma bila aibu. Mpigie. Mwambie naweza hiki na hiki, keki nitaleta, vileja siwezi mwaka huu, labda unga na samli nitanunua akande mwingine. Atanuna? Huenda. Lakini kununa kwa kilo tano za vileja kunaisha haraka kuliko kununa kwa mke aliyekosa Idd.

Sasa Likoni, na hapa nakuja polepole. "Mimi hapa nipo" ya mamako umeisikia kama kilio, na wewe ni mwanawe, unaijua sauti yake kuliko mimi. Ila umewahi kumuuliza, mama unataka nini Idd? Maana kuna wazee wanaosema nipo na machozi yako karibu, na kuna wanaosema nipo na wako kweli, wana majirani, wana sinia inayopita nyumba hadi nyumba, na wanachokitaka ni mwana aje siku ambayo hana haraka. Na jingine, ujijibu mwenyewe tu usiniandikie: Likoni unapataka kwa ajili ya mamako, au ni kwa sababu kule ndiko pahali pekee unapoweza kulala mchana na mtu akashika mtoto bila kukuhesabia? Jibu likiwa la pili hakuna ubaya wowote, lakini linabadilisha unachokwenda kuomba.

Wapo wanaogawa, Idd ya mfungo mosi, ya baada ya Ramadhani, huku, ya mfungo tatu kule, mwaka unaofuata wanageuza. Inaonekana haki. Uzito wake ni kwamba ile ya mfungo tatu kuna kuchinja, na kama mumeo ndio anayesimamia nyama ya mamake itakuwa vigumu kumtoa, na mara ya kwanza mkigeuza itaonekana kama umeshinda vita. Wengine wanagawa siku, mosi Kibokoni mpaka alasiri halafu wanavuka, lakini wewe unaijua feri jioni ya Idd, umati wote wa bara na pwani unakwenda Mama Ngina kula mihogo na kurudi, na watoto wawili na mkoba wa daipa pale kwenye lango ni mtihani. Asubuhi mapema ni nafuu zaidi. Na zile Idd zikipishana tena, mwezi wenyewe utakuwa umewapa mlango, hapo neno la "Idd pili hatutoki" ndilo la kuzungumzwa mapema, sio siku yenyewe mkiwa mlangoni na viatu mkononi.

Kuna mwingine alimleta mamake Kibokoni... samahani, sio Kibokoni, mtaa mwingine, lakini mambo ni yale yale. Alimleta Idd mosi kwa wakwe. Ilikuwa nzuri kwa saa mbili, halafu mama wa watu akawa mgeni, akapewa kiti kizuri na hakuruhusiwa kugusa sufuria, akachoka kukaa. Lakini wazee wale wawili walianza kupigiana simu baada ya hapo. Kwa hivyo sijui niiweke kwenye fungu gani.

Nikwambie kitu changu. Mimi pia ni mavyaa. Mke wa mwanangu kwa miaka minne alikuwa akija Idd na mto wake kwenye mkoba. Moyoni nikasema huyu ananidharau, anaona mito yangu michafu, na nikawa namsalimia kwa nusu mdomo. Mwaka wa tano mjukuu akaniambia, nyanya, mama shingo inamuuma akilala bila mto wake. Ilikuwa shingo! Miaka minne mimi nimenuna kwa shingo, na yeye aliona nimenuna akadhani simpendi, na mwanangu yuko katikati anatuambia kila mmoja kwamba mwenzake hana neno. Tangu hapo mtu akiniambia "mama atakufa" namuuliza, amesema yeye?

Na mumeo usimpige sana kwa lile neno. "Utamuua mama" ni neno zito, halikuwa la kusema, na ana haki ya kuambiwa hivyo. Lakini nahisi ni mtu aliyeona Idd zake zote tangu mtoto kwenye nyumba ile, pengine haogopi mama kufa, anaogopa awe yeye wa kwanza kati ya wanane kuvunja desturi. Ukimuuliza "unaogopa nini hasa?" badala ya "uko upande gani?", mazungumzo yanaweza kutoka kwenye chumvi na token. Muulize baada ya futari, sio kabla, mtu mwenye njaa hana jibu la maana.

Na kama utaamua kwenda kwa mavyaa mwenyewe, nenda kabla kumi la mwisho halijakubana, alasiri, wakati yuko jikoni peke yake. Usibebe keki, atadhani unakuja na hongo au hesabu. Kaa chini umenyee vitunguu. Unaweza kuanza na ule uji, kwamba uliunywa, na hukumwambia asante kwa sababu ulikuwa na hasira. Kama ni kweli uliunywa. Halafu uone anasema nini, na akikaa kimya tena usikimbilie kujaza ule ukimya, mpe nafasi. Anaweza kusema jambo litakalokuudhi. Anaweza kusema kwamba yeye mwenyewe magoti yamemshinda zile ngazi na watu 31 ni wengi, ila hajui awaambieje.

Kitambaa cha sare kishanunuliwa, umesema. Kimeshapelekwa kwa fundi? Mpimishe binti kabla hujaamua lolote, mafundi wa Kumi la Mwisho hawapokei tena, na ile nguo ataivaa popote mtakapokuwa.